Wiki ya Tano ya Maharage

Maktaba ilikuwa kushoto. Mwanafunzi, aliyewaaga wenyeji wake kwamba anakwenda maktaba, akakata kulia, kichwa chini, kitambaa amekivuta mpaka kwenye nyusi.

Alikuwa anafuata harufu ya nyama.

Chuo kilikuwa kimemleta nchi ya watu na kumkabidhi kwa fundi cherehani mmoja na mumewe, dereva wa lori aliyestaafu. Kabla hajafika alipewa kijitabu chenye jalada la kijani, akakitia saini. Kilisema mgeni mwema huishi kama wenyeji wake, asiwe mzigo kwao wala kwa dunia: haombi chakula wasichokula, hatumii maji kuwazidi, hapandi gari wao wakitembea. Mwisho wa muhula, ambao ni wa wiki tano, mwenyeji anaandika ripoti. Ikiwa mbaya, unarudishwa kwenu bila cheti. Zilikuwa zimebaki siku tatu.

Na wenyeji hawa, jamani, walikuwa watu wa aina yake. Siku ya kwanza mzee alimpokea stesheni kwa miguu, akalibeba sanduku lake begani mwendo wa saa nzima, akisimama kila baada ya nguzo mbili kuvuta pumzi.

"Sisi hapa ni watu wa kutembea," alisema, jasho likimwingia machoni.

Uani kulikuwa na gari limefunikwa turubai. Mwanafunzi alidhani ni bovu, hakuuliza. Kuoga ni maji ya baridi, ndoo moja. Kila asubuhi alimsikia mama mwenye nyumba akijimwagia huku anapiga yowe, akashangaa mtu kushindwa kuzoea maji ya kwake mwenyewe. Na chakula ni maharage. Mchana maharage, jioni maharage, Ijumaa maharage na kabichi. Mezani mama na mzee walimtazama yeye kwanza, akishaanza kula ndipo nao wanainua vijiko.

"Yanakutosha, mwanangu?" mama aliuliza kila siku.

"Nayapenda sana, mama," alijibu kila siku, na roho inamuuma.

Mzee alikuwa akiitikia kwa kichwa, halafu anainamia sahani yake. Mkanda wake ulikuwa umeshatobolewa matundu mawili mapya.

Wiki ya tano ikamkuta mwanafunzi hana utulivu. Darasani mguu haukukaa sawa chini ya meza. Kusoma hasomi, kulala halali. Alimpigia kaka yake kumweleza, kaka akacheka mpaka simu ikakatika. Huyu ndiye dada yake aliyekuwa akigombania naye paja la kuku tangu utotoni. Hata ile fomu ambayo yeye naye alitakiwa kujaza kuhusu wenyeji wake aliiacha tu mezani sebuleni, tupu. Awaandike nini watu safi kiasi hicho? Mama aliifuta vumbi kila alipopita.

Leo mchana mama alimwambia kwamba yeye na mzee wanakwenda kumwona mgonjwa.

"Kwa miguu, mama?"

"Kwani kuna njia nyingine, mwanangu?"

Hapo ndipo mwanafunzi alipopata upenyo.

Alizunguka mitaani saa nzima kwanza, asije akakutana nao njiani. Banda la nyama lilikuwa mtaa wa nne, nyuma ya karakana ya matairi. Aliagiza, akapokea sahani yake, akaanza kuangaza macho huku na huku. Akionwa na jirani hata mmoja, habari itafika nyumbani kabla yake, na muhula wote utakuwa umekwenda na maji. Aliona aibu, aliona hofu, na mate yalikuwa yamemjaa mdomoni.

"Wanaotaka kujificha wanakaa chumba cha nyuma," mchomaji alimwambia bila kuinua uso. "Meza moja tu ndiyo ina watu."

Mwanafunzi akasukuma pazia kwa bega.

Mzee alikuwa na mfupa mdomoni. Mbele yake, kando ya sinia lililobaki na mifupa mitupu, kulikuwa na ufunguo wa gari. Mama aliinuka ghafla, mafuta yakimtiririka mpaka kwenye kiwiko, na kabla mwanafunzi hajapata neno la kujitetea, akamkamata mkono.

"Nakuomba usituandike vibaya kwenye ile fomu yako," alisema, machozi yakimlengalenga. "Leo tu ndiyo tumeteleza, mwanangu. Wiki tano nzima tumeishi vile chuo kilivyotuambia unaishi wewe."