Majibu ya Kwanza

Daktari alisoma karatasi ya maabara, akatabasamu. Tangu Twalibu afanyiwe upasuaji wa kupunguza unene, mwaka mmoja na nusu uliopita, alikuwa amepungua kilo sitini.

"Mbegu zako za uzazi zimeongezeka," daktari alisema. "Majibu ya kwanza yalionyesha karibu hakuna kitu. Haya yanatia moyo."

"Majibu ya kwanza yapi?" Twalibu aliuliza. "Nilitoa sampuli kabla ya upasuaji, lakini sikuwahi kupewa majibu."

Daktari alimtazama Rukia, aliyeketi kando ya mumewe. "Si uliyachukua wewe, mama, mumeo akiwa bado wodini? Ulisema utamwambia mwenyewe."

Twalibu alimgeukia mkewe. Kwa miaka tisa ndugu zake walimwita mwanamke huyu mgumba, naye hakuwahi kuwakanya. Hata juzi mama yake alileta dawa ya mizizi, na Rukia aliinywa yote mbele ya mawifi.

"Kumbe ulijua! Mbona ulinificha?"

"Ulikuwa na mshono tumboni, hata kugeuka kitandani huwezi," Rukia alijibu taratibu. "Nikasema nisikuongezee jeraha."

"Na ulipopona?"

"Ulipopona nilingoja nione kama kuna siku utanitetea, hata bila kujua."

Akajitanda mtandio, akamuaga daktari, akatoka.

Twalibu aliinuka, akateremka ngazi mbio kwa mara ya kwanza tangu ujana wake, suruali inayompwaya ameishika kiunoni. Rukia alikuwa amefika langoni. Alisikia jina lake likiitwa, akasimama, lakini hakugeuka.