Kitabu cha Mwaka 1712

Mwaka 1712 ulipokwisha, karani wa liwali aliwasomea watu kitabu cha matukio ya mji. Mtoto wa liwali amezaliwa. Farasi wa liwali amekufa. Ukuta mpya umekamilika salama.

"Salama?" Mwanasiti alisimama. Ukuta huo ulikuwa umemwangukia mumewe na waashi wengine wanane, ukawaua. "Farasi ameandikwa, Bwanaheri wangu hakuandikwa?"

"Bibi, hiki ni kitabu cha wakubwa," karani alisema.

Mwanasiti alimpokonya kalamu. Babake alikuwa amemfundisha kuandika, naye akaandika pembeni mwa ukurasa: Bwanaheri bin Mkuu, mwashi.

Alipoinua kichwa, wajane wenzake walikuwa wamejipanga nyuma yake wakitaja majina ya waume zao, na wino ulikuwa umebaki kidogo.