Ukungu Hautoki

Kwenye kioo cha simu, mtu yule hakuzidi punje ya mchele. Sigrun alimtambua kwa buti.

La kushoto lilikuwa la kijani, la kulia jeusi. Hakuna mwingine mjini Sandvik, wala pengine jimbo zima la Manitoba, aliyevaa hivyo kwa hiari yake. Kofia ya masikio, rangi ya chungwa. Ubavuni, mbwa wa miguu mitatu. Huyo ni Baldur, kaka yake, mbele ya stesheni ya treni, miezi kumi na minne baada ya kutoweka na mbwa huyohuyo.

Polisi walikwisha kufunga jalada: ziwa, barafu nyembamba, mwili haukupatikana.

Picha iliwekwa mtandaoni, kwenye kundi la watu wenye mchezo mmoja. Wanapiga picha kutoka juu, wanapaka ukungu sehemu ya juu na ya chini, wanakoleza rangi, mpaka mji mzima uonekane wa kuchezea. Sheria yao ni moja: mahali pawe halisi. Aliyeiweka ni Delbert Wiebe, aliyerudi Sandvik mwezi huo kumzika baba yake. Aliandika: "Sandvik, Jumanne hii." Wenzake walimshangilia.

"Delbert, wewe kiboko! Sisi tunapaka ukungu, wako kama umezaliwa nao."

"Waongezee gundi hao vijitu, upepo usije ukawapeperusha!"

Hakuna aliyeuliza alisimama wapi.

Sigrun alifanya kosa moja: alimwonyesha mama yake kabla ya kuuliza. Mama alikuwa na miaka themanini na mmoja. Alioka vinarterta, keki ya tabaka saba ambayo Baldur huimaliza peke yake, akaiweka mezani na kukataza isikatwe.

Asubuhi yake Sigrun aligonga kwa marehemu Wiebe. Mzee huyo alikuwa karani wa stesheni kwa miaka thelathini. Tangu astaafu hakumkaribisha mtu ndani. Delbert alifungua mlango nusu.

"Uliipiga kweli Jumanne?"

"Jumanne, dada."

"Huyu hapa ni kaka yangu. Alielekea wapi?"

Delbert aliitazama simu. "Sikumwona akielekea popote."

"Basi nipe ile ya mwanzo, isiyo na ukungu. Nyuma yake kuna gari, nataka kusoma namba."

"Huo ukungu hautoki."

"Umeupaka wewe, utoe wewe!"

Mwanamume wa miaka hamsini, akaanza kurudisha mlango. Sigrun aliweka mguu kizingitini ili mlango usifungwe.

"Kakuomba unyamaze, eti? Yumo humu? Mwambie simgombezi. Mwambie mama kaoka, na keki inakauka."

"Dada, mimi nilitaka tu wanisifu kidogo. Niliondoka hapa nikiwa kijana, nyuso za watu siku hizi sizijui. Mzee ndiye aliyemjua kila mtu."

"Mzee wako ndiye aliyemficha?"

Delbert aliuachia mlango. Kisha akasogea kando.

"Afadhali uone mwenyewe."

Aliufungua mlango ulio chini ya ngazi, akawasha taa, akatangulia kushuka. Sigrun alimfuata upesi, akiita jina la kaka yake. Alikwisha kuona akilini godoro, sahani chafu, manyoya ya mbwa kwenye blanketi. Alikwisha kuchagua hata maneno ya kumwambia mama kwa simu.

Chini kulikuwa na meza moja, imejaza chumba ukuta hadi ukuta, na juu yake Sandvik nzima, nyumba kimo cha kidole.

Delbert aliinama juu ya paa la stesheni, akamnyanyua Baldur kwa vidole viwili, akamweka kwenye kiganja cha Sigrun. Mbwa alikuwa amegundishwa kwenye buti la kijani, akaja naye.