Blanketi la Mahari

Bibi alilipokea blanketi la mahari, akalipapasa pindo polepole. Alishasema: bila blanketi la sufu, mjukuu haondoki.

"Sufu tupu hilo, mama," mshenga akacheka. "Baridi ya Njombe italikimbia!"

"Esnath, si unasomea ufundi wa nguo kule Makambako? Hebu waonyeshe wakwe zako," bibi akamwambia mjukuu wake.

Esnath akachomoa uzi, akauwasha kwa kiberiti. Sufu ikiungua hunuka nywele. Huu ulinuka plastiki, ukayeyuka, ukajikunja kuwa punje nyeusi.

Alipigwa na butwaa. Akamtazama mchumba wake. Kijana akainamisha macho, kumbe alijua!

"Sema basi, mjukuu wangu. Ni sufu?"

Esnath akaifumba punje kiganjani, ingali ya moto.

"Sufu, bibi."