Taa Iliyowashinda Mafundi wa Buyenzi

Fundi wa magari wa mtaa wa Buyenzi hasemi "sijui". Atakuambia rudi kesho, atakuambia kipuri kiko njiani kutoka Dubai, atakushushia moteri yote chini vumbini, lakini "sijui" haimtoki mdomoni. Sasa jamani, mafundi saba, wiki tatu nzima, mbele ya gari moja kuukuu aina ya jeep, na wote wanasema neno moja: tumeshindwa!

Gari ilikuwa ya mzee Tajudini, aliyeendesha wakubwa wa wizara kwa miaka thelathini na moja bila kugonga hata kuku. Sheria yake ilikuwa moja tu, na madereva wengi wa mjini aliwafundisha hiyo hiyo. Gari ikiwasha taa ya moteri haitoki mpaka taa izimike. Hata iwe kwa msiba.

Kwa hiyo siku alipoiparamia kwa gari meza ya kuuzia nyanya ya Nsimire, mama wa Kikongo wa pale kona, hakuona haya hata kidogo. "Gari imevuta kushoto yenyewe!" alifoka. Akaipeleka moja kwa moja kwenye garaji ya Anouar, kijana ambaye mzee ndiye aliyemfundisha kushika usukani. Anouar akawasha moteri, na kweli, taa ya rangi ya chungwa ikawaka.

"Taa inawaka, baba."

"Si nilisema? Mi nilijua!"

Anouar akachomeka mashine ya kupima, ikamwambia kosa liko kwenye sonde, kile kipimo cha bomba la moshi. Akaifungua, akaisafisha, akairudisha. Kazi ya nusu saa. Alipokuwa ananawa mikono, akaja mama Khadidja, mke wa mzee, wakazungumza kidogo pembeni.

Jioni mzee akarudi, akaketi kwenye usukani, akawasha. "Haya?"

Anouar akachungulia dashibodi. "Bado, baba."

Mzee akashika kichwa. Mabinti zake wanne walikuwa wameolewa, na wote wanne aliwapeleka kwa waume zao kwa gari hiyo hiyo, mwenyewe akiendesha. Alibaki Soumaya, kitindamimba, na harusi ilikuwa imebakiza wiki tatu, huko mtaa wa Ngagara. "Taa ikizimika, nampeleka mi mwenyewe," alisema. "Isipozimika, sheria ni sheria."

Akaitwa Birindwa, Mkongo, Mshi wa Bukavu, anayejisifu kwamba anaweza kufufua gari iliyolala chini ya ziwa Tanganyika. Akafungua boneti, akagongagonga, akasikiliza. "Baba, mi apana. Hii imenishinda." Akaitwa Seifu, naye vivyo hivyo. Wakaja wengine wanne.

Mzee akawatukana wote. Mafundi gani nyinyi, mnajua kunywa chai tu! Na watu wazima wale wakainamisha vichwa, wakatukanwa mbele ya wateja wao. Inauma, wallahi. Fundi mtukane mengine yote, kazi yake iache.

Ajabu nyingine ilikuwa mama Khadidja. Kila adhuhuri aliwaletea sinia la wali na samaki wa mukeke wa kukaanga. Mafundi hulishwa kwa kutengeneza, hawa walilishwa kwa kushindwa.

Ikafika Jumamosi, harusi ni kesho. Baada ya alasiri mzee akaja, Soumaya amemshika mkono, hina imekolea vidoleni mwake. Safari hii mzee hakutukana mtu. Sauti yenyewe ilikuwa imeshuka.

"Anouar, nilikufundisha gari tangu mguu wako haufiki kwenye breki. Sijakuomba kitu siku hata moja. Leo nakuomba. Kesho mutoto wangu anaolewa."

Anouar akafuta mikono kwa tambara. Maji yalikuwa yamezidi unga. Nyuma yake mafundi wenzake wakaacha kazi, kila mmoja akiangalia chini.

Mzee akapanda. Ufunguo ukakosa tundu lake mara mbili, mara ya tatu ukaingia. Moteri ikanguruma vizuri, safi kabisa, hata Birindwa akatikisa kichwa kwa kuisifu. Mzee akainama mpaka pua yake ikakaribia kugusa dashibodi, akakodoa macho.

"Soumaya," akaita. "Hawa mafundi siwaamini tena. We ni damu yangu, huwezi kunidanganya. Njoo uniambie. Inawaka?"

Soumaya akaingiza kichwa dirishani. Dashibodi ilikuwa nyeusi, haina taa hata moja, kama ilivyokuwa kwa wiki zote tatu.

"Inawaka, baba," akasema.