Karibu ya Ngiri

Katika pango walimoishi wanyama, Ngiri alikuwa na majiko saba: la pilau, la mchuzi, mpaka la kupasha maji ya kuoshea mkia. Moshi ulipozidi na kila mtu akakohoa, aliitisha mkutano.

“Jamani, moshi huu ni wetu sote! Kila mmoja azime jiko moja. Haki sawa!”

“Bwana Ngiri,” alisema Panya Buku, mjane mwenye watoto tele, “mimi ninalo hilo hilo moja, na nililiwasha jana tu. Wanangu watakula nini?”

“Acha ubinafsi, mama. Zima!”

Panya akazima. Kobe na Nungunungu, wenye jiko moja moja, nao wakazima. Ngiri akazima lile la maji ya mkia, akabaki na sita.

Jioni Panya alipita na wanawe, akamkuta Ngiri anakula. Ngiri akasema kwa adabu ya mdomoni tu, “Karibuni tule,” akingoja lile jibu la kila siku, “Asante, tumeshiba.”

“Asante, tumekaribia!” alisema Panya. “Watoto, naweni! Kobe! Nungunungu! Tumekaribishwa!”

Waliramba hadi mwiko. Kesho yake Ngiri alikula amejifunika shuka. Watoto wakaingia humo humo.

“Mama Buku, nakusihi, washa jiko lako!”

“Na moshi wetu sote je?”

Ngiri akazima matano mengine, akabaki na moja. Kisha akambebea Panya kaa la moto, akapiga magoti kulipuliza. Pango likaanza kuonekana dari.

“Puliza vizuri, baba,” alisema Panya, amekunja nne. “Ukimaliza hapa, Kobe anakungoja.”