Pointi ya Saba

Mchungaji Mbaluka wa Kalamba alikuwa ndio anaingia pointi ya saba ya mahubiri yake aliposikia mtu akipiga miayo. Akapandwa na hasira.

"Aliyechoshwa na Neno la Mungu asimame!" alisema, kidole gumba kikiwa bado ndani ya Biblia.

Kwenye benchi la mbele, mkewe akasimama.

"Mama Mutie, hata wewe?"

"Neno la Mungu halijanichosha, Baba Mutie. Lililonichosha ni lako."

Nyuma yake kwaya ikasimama, kisha wazee wa kanisa, kisha wote. Jasho likamtiririka mchungaji hadi kwenye kola. Miaka kumi na miwili ya huduma, hajawahi kuona wito ukiitikiwa hivi.

"Basi tuombe," akasema polepole.

"Kwa ufupi," akasema mkewe.